Marumaru ya jiwe bafuni: weka ukutani, usiikanyage

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Raskazone, Tanga, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Tunataka kulivunja bafu na kulijenga upya kabla ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Sehemu ya bomba la mvua ina upana wa mita 1.2 na kina cha mita 1, kuta tatu, urefu mita 2.4. Dukani nimeoneshwa marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, nyingine ya kijani, na ya tatu mwenye duka anasema ni poseleni, “ileile tu ila ya kiwandani”. Vipande ni sentimita 30 kwa 60, unene sentimita 1. Tunaoga maji ya kisima. Mama ana miaka 74 na tunaishi naye. Fundi wangu anasema atabandika zote kwa simenti ya kawaida, sakafu hadi juu. Nichague ipi?

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Nianze na jibu lenyewe, usije ukaenda dukani kesho kabla hujamaliza kusoma: chukua ile nyeupe, lakini kwa ukuta mmoja tu, ule unaouona ukifungua mlango. Kuta mbili za pembeni na sakafu weka poseleni isiyong'aa. Ya kijani iache hukohuko dukani. Na huyo fundi, kabla hajagusa kigae, mkae chini mzungumze, maana kwenye hiyo “simenti ya kawaida, sakafu hadi juu” ndipo hela yako itakapozama.

Tuanze na neno, kwa sababu limeshawagharimu watu wengi. Sisi marumaru tumeinyoosha mno. Neno limetujia kwa Kiarabu, marmar, na kwao ni jiwe. Kwetu, ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba marumaru, utaoneshwa vigae vya udongo wa kuchoma, kisha vya poseleni, na mwisho kabisa, kama vipo, vya jiwe. Vyote hivyo vinaitwa marumaru, muuzaji hajakudanganya na wewe hujakosea. Ila ukitoa hela ya jiwe ukabeba udongo uliochapwa picha ya jiwe, au kinyume chake, ukabeba jiwe ukalitunza kama kigae cha kiwandani, hasara ni yako. Kwa hiyo humu nitasema jiwe nikimaanisha marumaru iliyokatwa kutoka mlimani, na poseleni nikimaanisha ya kiwandani. “Ileile tu” hakuna. Ni vitu viwili vinavyofanana sura.

Kutambua si kazi. Geuza kipande utazame mgongo. Poseleni ina miraba au mistari iliyoinuka, alama za kiwanda, mara nyingine na mshale. Jiwe mgongoni lina mikwaruzo ya msumeno tu. Kisha tazama ubavuni: mshipa wa kijivu kwenye jiwe unaingia ndani na kutokea upande wa pili, wa poseleni mara nyingi unaishia juu kama wino kwenye karatasi. Fungua boksi uvitandaze vipande kumi; ukikuta viwili vyenye mshipa unaopinda mahali palepale, hiyo ni picha. Bado una shaka? Chukua ufunguo wa chuma uchore mgongoni. Jiwe litachubuka, poseleni itakuachia ufunguo wako umesagika.

Kipimo cha mwisho ni ndimu. Kamua tone moja kwenye pembe ya kipande ambayo hutajali ikiharibika, hesabu dakika tano, futa, kisha kiinamishe kipande kwenye mwanga wa dirisha. Kama ni marumaru ya jiwe, pale tone lilipokaa utaona duara lisilong'aa, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Duara hilo halifutiki kwa kitambaa wala sabuni. Si doa. Ni jiwe lenyewe limeliwa.

Na linaliwa kwa sababu marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Wewe wa Tanga huna haja ya kitabu kwa hili, nenda Amboni. Yale mapango hakuchimba mtu. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo huchukua ukali kidogo, tindikali dhaifu kuliko hata ya ndimu yako, yakaingia kwenye nyufa za jiwe la chokaa na kulilamba kidogo kidogo, miaka na miaka, mpaka leo watalii wanapita wamesimama wima. Chokaa ya ukanda huohuo ndiyo inayosagwa Pongwe kutengenezea saruji. Bafu lako halitageuka pango, usiogope, lakini tabia ya jiwe ndiyo hiyo na hakuna dawa ya kuibadilisha.

Sasa nikuulize wewe: bafuni kwenu huwa kunaingia nini? Maana wanaoandika habari za bafu la marumaru huandika kama vile watu huoga kwa maji matupu. Nyumba ya pwani si hivyo. Kuna hina. Kuna manjano na liwa, kuna singo ya bi harusi inayopakwa siku kadhaa na kusuguliwa palepale bafuni. Kuna mafuta ya nazi ya nywele. Kuna ndimu ya kutoa shombo ya samaki mikononi, na wengine huisugua kwapani. Kuna kopo la bati linaloachwa sakafuni likiwa na unyevu, asubuhi limeacha pete ya kutu. Kila kimoja kati ya hivyo kina ugomvi wake na jiwe jeupe. Hina na manjano huingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kubaki humo. Mafuta hulifanya jiwe litie weusi kama karatasi ya maandazi. Ndimu hula mng'ao. Kutu ya kopo hunywewa na jiwe na kuacha alama ya hudhurungi.

Hapo ndipo inapotokea sababu ya kusema ukutani tu. Vitu hivyo karibu vyote huangukia chini au hupakwa kwenye kuta ambazo mtu anaegemea na kuweka mkono. Ukuta wa mbele, wenye bomba la mvua kwa juu, unapata maji na povu la sabuni tu, na maji hupita hayakai. Jiwe likae pale, lionekane, lipigiwe mwanga, lisikanyagwe.

Sakafu ina tatizo jingine, la mchanga. Wenye elimu ya madini hupima ugumu kwa namba kuanzia 1 hadi 10. Marumaru iko kwenye 3. Chembe za kwazi, ambazo ndizo nyingi kwenye mchanga wa kawaida, ziko kwenye 7. Raskazone mnatoka kuogelea, watoto wanaingia bafuni na mchanga miguuni, wanaupondaponda kwa visigino. Baada ya mwaka sakafu ya jiwe iliyong'arishwa pale inapokanyagwa inakuwa imefubaa kama njia ya mbuzi kwenye majani. Na kabla ya kufubaa itakuwa imeshamwangusha mtu, maana jiwe lililong'arishwa likipata maji na sabuni halina huruma, na wewe una mama wa miaka 74.

Kwa ajili ya mama, sakafu iwe vigae vidogo, sentimita 5 kwa 5 au 10 kwa 10, poseleni yenye uso mkavu usioteleza. Vidogo si urembo. Mistari mingi ya grauti, ule ujazo wa mianya kati ya vigae, ndiyo inayoushika mguu, na kigae kidogo kinafuata mwinamo wa maji kutoka pande zote kuelekea kwenye tundu bila kulazimisha. Mwinamo uwe sentimita 2 kwa kila mita. Kwenye sehemu yako ya mita 1.2 ni kama sentimita 2.4 kutoka ukuta wa mbali hadi tundu kama tundu liko upande mmoja. Chini ya hapo maji yatatuama, juu zaidi mama atajiona anatembea juu ya mtumbwi. Na mwambie fundi aweke sasa, kabla ya vigae, mahali pa kufungia chuma cha kushikia: tofali imara au zege nyuma ya lipu, kwa kimo cha kiuno cha mama mwenyewe, apimwe. Watu hukumbuka chuma hicho baada ya mtu kuanguka, na hapo wanatoboa kigae na kuipasua dawa ya kuzuia maji iliyoko nyuma yake. Mjengee na kibaraza cha kukalia kwenye kona. Juu yake usiweke marumaru, weka graniti. Graniti haiogopi ndimu.

Turudi kwenye rangi, maana ndilo swali lako hasa.

Ile ya kijani. Nyingi katika zinazouzwa kwa jina la marumaru ya kijani si marumaru. Ni jiwe jingine, serpentini, na likilowa maji kutoka mgongoni hujikunja. Hili nimelipata kwa gharama yangu, nikiwa bado kijana mwenye kujua kila kitu. Nilibandika za kijani kwenye choo cha mtu Chumbageni kwa simenti na maji, jioni nikaziacha zimelala kama kioo. Asubuhi pembe zimeinuka, zote, kama chapati iliyosahauliwa juani. Nikadhani nimekosea kupima, nikabandua, nikabandika tena, zikajikunja tena. Mwenye nyumba alinitazama tu. Jiwe hilo linataka gundi ya epoksi isiyo na maji, ambayo ni ghali na huganda haraka mkononi kwa joto letu hili. Kwa bafu la nyumbani sioni sababu ya kujitesa.

Nyeusi hukuuliza, lakini mwenye duka atakuletea, kwa hiyo nikwambie mapema: kwa maji ya kisima usithubutu. Kila tone likikauka litaacha ukoko mweupe na ukuta utaonekana umepigwa chokaa ya manyunyu.

Rangi ya maziwa, zile za krimu ambazo nyingine hutoka Misri na kuitwa Galala, zinasameheka kuliko zote. Ukoko wa maji hauonekani sana, wala alama ya sabuni. Ukiziona dukani na bei zinakaribiana na nyeupe, mimi ningezichukua hizo. Lakini umenambia nyeupe, na najua mtu akishaiona nyeupe yenye mshipa wa kijivu kichwani mwake ndiyo basi.

Nyeupe ina siri moja. Baadhi ya mawe meupe, hata yale yenye jina kubwa ya Carrara kule Italia, yana chembe za chuma ndani. Kwenye ukuta mkavu hutazijua maisha yako yote. Bafuni, maji yakipenya, chuma kile kinapata kutu humohumo ndani ya jiwe, na baada ya miezi unaona manjano yanaibuka kutoka chini, hayafutiki kwa kuwa hayako juu. Kwa jicho huwezi kujua. Kinachosaidia ni ndoo: chukua kipande kimoja, kisimamishe kwenye ndoo ya maji ya kisima chenu, nusu ndani nusu nje, ukiache wiki tatu. Kitoe, kikaushe kivulini siku tatu nne, kiweke sambamba na kipande ambacho hakikuloweshwa. Kama nusu ya chini imeota manjano au madoa ya hudhurungi, shukuru Mungu umepoteza kipande kimoja. Nimeona watu wanakataa kungoja hizo wiki tatu kwa hofu kwamba mzigo utaisha dukani. Uishe.

Kipande hichohicho, upande mkavu, kifanyie majaribio ya nyumbani kwenu. Tone la mafuta ya nazi, kidole cha hina iliyokorogwa, manjano kidogo. Acha usiku kucha, osha kwa sabuni. Kisha amua kwa macho yako mwenyewe kama unaweza kuishi na kinachobaki.

Na maji yenyewe ya kisima. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na nchi yetu hii ya jiwe la chokaa huyafanya maji yawe magumu, yale ambayo sabuni haitoki povu. Ule ukoko mweupe unaojenga kwenye kichwa cha bomba ni chokaa. Watu huutoa kwa siki au ndimu, na hufanya vizuri kwenye bomba na kwenye poseleni. Kwenye jiwe huwezi, kwa sababu ukoko na ukuta ni kitu kimoja. Kinachoyeyusha huu kinayeyusha na ule. Ndiyo maana nasema mnunue mpira wa kufutia maji, ule wa kioo cha gari, uning'inizwe bafuni, na anayemaliza kuoga aufute ukuta ule mmoja. Ni mivuto mitano au sita. Kama nyumba ina vijana ambao unajua hawatafanya, basi weka poseleni kote na usijilaumu. Au, kama mna bomba la mamlaka ya maji hapo nyumbani, elekeza hilo kwenye bomba la mvua na kisima kibaki cha kufulia na kumwagilia. Maji hayo, ya bwawa la Mabayani, ni ya mto Zigi, hayana chumvi ya pwani.

Sasa fundi wako. Namheshimu, simjui, lakini “simenti ya kawaida” kwenye jiwe jeupe lenye unene wa sentimita 1 ni kosa. Jiwe jeupe hupitisha mwanga kidogo. Weka tochi nyuma ya kipande usiku, utaona. Simenti ya kijivu nyuma yake hulitia weusi, na mbaya zaidi ni ile kazi ya madonge, fundi anaweka donge kila pembe na moja katikati, anagandamiza, anaenda. Kuna nyumba Ngamiani niliitwa kutazama “ugonjwa wa ukuta”. Nilipoingia nikacheka, nikajizuia. Kila kigae cheupe kilikuwa na duara tano za kijivu, kama tano ya dadu, ukuta mzima dadu. Palipo na donge unyevu umeshikwa na rangi imepita. Pasipo na donge ni uwazi. Nikagonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko, kisha kwenye uwazi ikaitika kama debe tupu. Kwenye uwazi huo maji hukaa, na ukuta wako hautakauka.

Mwambie anunue gundi nyeupe ya vigae, ile ya unga ya mfuko, inayosema ni ya mawe. Aipake ukutani kwa mwiko wa meno, mistari upande mmoja, na mgongo wa kigae aupake tabaka jembamba pia. Kigae cha kwanza akishakibandika, kabla hakijashika, akibandue mbele yako. Mgongo uwe umejaa gundi karibu wote. Kama una visiwa, asiendelee. Usione haya kumtaka afanye hivyo. Fundi mzuri atafanya bila kuombwa. Grauti iwe isiyo na mchanga, kwa kuwa mchanga utalikwaruza jiwe, na rangi nyeupe au kijivu cheupe. Matundu ya bomba yatobolewe kwa kekee yenye ncha ya almasi na maji yakimwagiwa taratibu, asipige nyundo.

Lakini kigae, cha jiwe au cha poseleni, hakizuii maji. Mistari inapitisha. Kinachozuia maji ni dawa iliyopakwa juu ya lipu kabla ya kigae chochote, na ndiyo inayosahauliwa kwa sababu haitaonekana kamwe na mgeni yeyote. Wapake mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukipishana na wa kwanza, sakafu yote na kuta zote tatu hadi juu ya kichwa cha bomba, na kwenye kona zote na kuzunguka tundu wazamishe utepe wa wavu ndani ya mkono wa kwanza. Kona ndiko kunakopasuka. Kisha jaribio: ziba tundu kwa kitambaa na mfuko wa nailoni, mwaga maji yafike kimo cha vidole viwili, piga mstari wa penseli ukutani, weka pembeni beseni la maji lenye mstari wake pia. Yaache saa 24. Joto la Tanga litakausha kidogo pande zote mbili. Kama bafu limeshuka kuliko beseni, kuna pa kutokea. Fundi atakwambia ni kupoteza siku. Siku hiyo ndiyo rahisi kuliko zote katika kazi nzima.

Mchanga wa lipu usiwe wa pwani. Najua upo mlangoni na ni bure. Chumvi yake itafuata unyevu, itakuja mpaka usoni mwa jiwe, ikikauka itatanuka na kuubandua uso wa jiwe kama magamba ya kitunguu. Mchanga wa mtoni. Wenye nyumba za kale, za matumbawe na chokaa, hili linawahusu mara mbili, na kwao ningeshauri mambo tofauti kabisa kwa sababu kuta zile zinapumua. Nenda kwenye magofu ya Tongoni utazame kuta zilivyo baada ya karne nyingi. Nyumba ya baba yako naamini ni ya tofali za simenti, kwa hiyo sitaingia huko.

Hesabu ni nyepesi. Ukuta wako wa mbele ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Kipande kimoja ni 0.18. Kwenye karatasi ni vipande 16 kamili, viwili kwa upana, nane kwenda juu. Ukutani haiko hivyo, kuna mistari ya grauti na kona isiyonyooka, na atakata. Nunua 20, vyote vya mzigo mmoja. Kila kipande kina karibu kilo 5, kwa hiyo vibebwe vimesimama, si vimelala. Kabla ya kubandika vitandaze barazani, vipange mpaka mishipa ikupendeze, kisha andika namba mgongoni kwa penseli. Hili ufanye wewe. Fundi atavipanga kama vilivyotoka kwenye boksi, na mshipa mzito utaangukia pale ambapo hutaki, kimo cha macho yako kila asubuhi. Kama wapo wawili madukani, mmoja anauza iliyong'arishwa na mwingine isiyong'arishwa, chukua isiyong'arishwa. Ndimu ikiila huoni tofauti, na ukiona, msasa laini na maji huirudisha.

Dawa ya kuziba vinyweleo ipakwe grauti ikishakauka kabisa, na irudiwe kila mwaka, au mapema kama tone la maji linaingia badala ya kusimama juu. Wauzaji huisifia kupita kiasi. Inachelewesha hina na mafuta yasiingie upesi, ikakupa nafasi ya kufuta. Ndimu na siki haizizuii hata kidogo. Kusafisha ni sabuni laini na kitambaa tu. Zile dawa za kung'arisha choo, nyingi zina asidi kali. Chupa isikae hata kwenye kibaraza kile, maana michirizi yake inatosha.

Limebaki la harusi, nawe hukunitajia tarehe. Ndoo wiki tatu. Lipu mpya mimi huiachia wiki tatu nyingine ikauke, ingawa hizo zinaweza kwenda pamoja na ndoo kama kuta zitavunjwa sasa. Dawa ya maji, jaribio, kubandika, grauti, kukauka, dawa ya vinyweleo: wiki mbili hadi tatu tena kama fundi hajapata kazi nyingine katikati. Kama harusi iko chini ya wiki saba, usivunje. Bi harusi apakwe singo na hina kwenye bafu la zamani, ambalo halina cha kuharibika, wageni wakiondoka ndipo nyundo ianze. Kesho nenda dukani ununue vipande viwili tu vya nyeupe, kimoja cha ndoo na kimoja cha kulinganishia, na mwambie mwenye duka kwamba vile 18 vingine utavifuata.